Sahani Nyuma ya Mlango

"Kwa siku anakula kiasi gani?"

Muuguzi aliniuliza kalamu yake ikiwa tayari juu ya fomu. Nilikuwa nimefanya mitihani ya miaka minne chuo kikuu bila kuacha swali hata moja tupu, lakini hapo sikuwa na jibu. Nilitazama mlango wa chumba cha daktari, ambao nyuma yake baba alikuwa peke yake. Nikasema, "Kawaida." Muuguzi akauliza kawaida ni kiasi gani. Nikasema sijui. Akaandika kitu, labda hilohilo.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimemwona baba akila tangu nikiwa darasa la nne. Kwetu Nyamira msichana akianza kuwa mkubwa, yeye na baba yake huanza kuachiana nafasi. Tunaiita chinsoni. Ni heshima, na ni aibu pia, na sijawahi kujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Huingii chumba wanacholala wazazi wako. Huzungumzi juu ya mwili wako mbele ya baba, naye hazungumzi juu ya wake mbele yako. Unaleta maji ya kunawa, unaweka chakula mezani, unatoka, na baadaye unarudi kuchukua vyombo. Ziko nyumba nyingi siku hizi ambako watu wote wanakula pamoja mbele ya televisheni. Baba hakuwa na ugomvi nazo, ila yeye alibaki na ya zamani. Ndiyo maana hata siku ile Kisii aliingia kwa daktari peke yake, na mimi niliyekuwa nimembebea bahasha ya picha za eksirei nikabaki kwenye benchi.

Alitoka akiwa anafunga vifungo vya koti. "Wanasema nile," akasema.

Daktari alimfuata hadi mlangoni na kunitazama mimi. Alisema uvimbe kwenye njia ya chakula unaweza kuondolewa, lakini katika hospitali kubwa zaidi, na baada ya wiki sita. Siku ile baba alikuwa na kilo hamsini na nne. Akirudi hapa kupimwa akiwa chini ya hamsini, hawatampasua, kwa sababu mwili hautahimili.

"Kwa nini hamsini?" nikauliza. "Kwa nini si arobaini na nane? Nani aliikata hiyo namba?"

Daktari alianza kunieleza kwa subira. Baba akavaa kofia. "Huyu," akamwambia daktari kwa Kiswahili chake cha kanisani, "hata ukimpa kiti atakuuliza mbao ilitoka mti gani."

Wiki ya kwanza mama alipika kila kitu alichojua baba anakipenda. Alipika ugali wa wimbi na mboga chungu iliyolala kwenye maziwa. Alipika ndizi zilizopondwa, na uji mwepesi, halafu mwepesi zaidi. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Mama alikuwa akizifunua na kuzifunika tena. Jumatano wazee wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaomba kwa muda mrefu. Baba mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mungu analijua koo lake," nilimwambia mama jikoni. "Kwa nini akumbushwe kila Jumatano?"

"Kata kitunguu," mama akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa nyumbani miezi tisa na digrii ya Kifaransa ambayo hakuna shule iliyokuwa ikiihitaji. Nilikuwa natafsiri maelezo ya bidhaa kwenye simu, mambo ya viatu na mashine za kukausha nywele. Nilitaka kazi yenye jibu sahihi, na sasa nilikuwa nimepewa moja: kilo hamsini, wiki sita. Tatizo ni kwamba hatukuwa na mizani. Mizani pekee kijijini ilikuwa kwenye kituo cha majani chai, ile ya kuning'inia yenye ndoano. Nilikwenda kumwomba karani, akasema haina shida, tumlete asubuhi kabla lori halijafika. Nikarudi na habari njema.

"Mniangike kwenye ndoano kama gunia la majani?" baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Tata, ni dakika moja tu." Tata ndivyo tunavyowaita baba zetu.

"Na wale wanawake kwenye foleni na vikapu vyao? Si watasema haya majani yamepitiliza, yarudishwe nyumbani?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akageuza uso ukutani na kunipungia mkono nitoke. Nikatoka. Kuanzia siku hiyo nilianza kumpima baba kwa sahani.

Siku mbili baadaye, nikiwa nafagia sebule, aliniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza muda wote niliokuwa chuo. "Hao watu wa lugha uliyosoma, nyumbani kwao wanakula nini?"

Nilisimama na ufagio mkononi. Nilikumbuka jioni moja Nairobi, mwaka wangu wa tatu, mwalimu wetu aliyetoka Ufaransa alipotuita nyumbani kwake wanafunzi watano. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa maajabu. Alitoa kikaango kimoja cheusi, akakaanga soseji, akaziondoa, akatia vitunguu na viazi katika mafuta yaleyale, halafu akakoroga haradali na siki kidogo na kumwagia juu. Basi. Alisema kwa bibi yake hicho kilikuwa chakula cha zile jioni ambazo hakuna mtu nyumbani mwenye nguvu ya kupika. Tulikula hadi tukafuta kikaango kwa mkate.

Nilimweleza baba hayo yote. Alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa.

"Nipikie hicho," akasema.

Kesho yake nilishuka Kisii mjini. Soseji nilizipata dukani kwenye friji, na nikasoma karatasi yake mara mbili kuhakikisha ni za ng'ombe, kwa sababu sisi Waadventista hatugusi nguruwe. Haradali ya chupa sikuipata popote. Mwishowe niliingia duka la viungo la mama mmoja wa Kihindi, ambaye familia yake imeuza pale tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Alinipimia mbegu ndogo nyeusi kwa kijiko cha bati na kunieleza nizilaze usiku kucha kwenye siki, kisha nizisage kwenye jiwe.

"Nani atakula?" aliuliza.

"Baba yangu. Ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

Nikagusa koo langu.

"Na wewe unampelekea haradali?" Alinitazama juu ya miwani. "Mpe dengu laini, binti. Laini kabisa, kama ya mtoto."

"Ameomba mwenyewe."

"Wagonjwa wanaomba vitu vingi," alisema, akinifungia mbegu kwenye gazeti. Nilimwona kama mmoja wa wale watu wanaojua kila kitu kuhusu baba za wengine.

Nilipika Alhamisi jioni kwenye meko ya gesi. Mama alikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko la kuni, kama mtu aliyekuja kushuhudia kesi. Nilichemsha viazi na maganda yake hadi vikalainika nusu, nikavimenya vikiwa moto, nikavikata vipande vya duara. Nikakaanga soseji hadi zikapasuka ngozi, nikaziweka kando. Vitunguu vikaingia, vikawa laini, vikaanza kuwa rangi ya majani ya migomba yaliyokauka. Halafu nikavipanga viazi kimoja kimoja na kukaa mbali.

"Huvikorogi?" mama aliuliza.

"Hapana. Vinatakiwa vishike ukoko."

"Vitashika moto."

"Mama, niachie."

"Na ugali utasonga saa ngapi?"

"Hakuna ugali. Hiki ndicho chakula."

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amesimama mlangoni na mtungi wa maziwa. "Viazi ndio chakula?" alisema. "Viazi ni kitu cha kusogezea chai! Sasa naelewa kwa nini Wazungu wanatembea haraka vile. Wana njaa." Alikuja akachungulia kikaango. "Hii ndiyo digrii? Miaka minne, na umetuletea soseji?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu turudi kutoka kwa daktari, na mimi nikacheka pia. Nilikata soseji vipande vidogo sana, nikavirudisha, nikamwagia haradali yangu iliyosagwa, nikafunika dakika tano. Harufu iliingia hata kwenye nguo.

Baba hakutaka kula sebuleni. Alisema kiti kinamuumiza mgongo, apelekewe chumbani. Hapo mimi ningefika mlangoni tu. Mama alichukua sahani, akaingia, akasukuma mlango kwa kisigino. Nilibaki sebuleni nikijifanya napanga vitabu vya nyimbo. Nilisikia uma ukigonga sahani. Ukagonga tena, taratibu, kwa muda mrefu. Mama alipotoka, sahani ilikuwa tupu. Haradali yote ilikuwa imefutwa, mistari ya uma ikionekana.

"Yote?" niliuliza.

"Si unaona," mama akasema, akaipitisha mbele yangu kwenda jikoni.

Sikuamini. Mimi siamini vitu kirahisi, si mchungaji, si redio, si mtu anayesema amefika na bado yuko njiani. Asubuhi nilipompelekea baba maji ya kunawa sebuleni nilimuuliza moja kwa moja. "Tata, chakula cha jana kilikuwaje?"

Hakusita. "Ukoko wa viazi ulikuwa mzuri. Ile haradali inapanda puani, kisha inashuka polepole. Lakini vitunguu vilizidi. Vinafanya kila kitu kiwe kitamu kama cha watoto."

Mtu ambaye hakula hawezi kujua hayo. Nilirudi chumbani kwangu nikafungua daftari nililokuwa nikiandikia misamiati, nikaandika: punguza vitunguu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi wiki nne zilizofuata. Nilikipika mara tatu au nne kwa wiki. Siku nyingine niliponda viazi kabisa kwa siagi na maziwa, siku nyingine nilitia kitunguu saumu, siku nyingine dania badala ya yale majani makavu ambayo mwalimu wangu alikuwa akiyafikicha juu. Kila mara mlango ulifungwa, uma uligonga, sahani ikarudi tupu. Kila asubuhi niliuliza, naye akanipa majibu kamili. Siki imezidi. Chumvi iko sawa leo. Soseji za safari hii ni ngumu, uliunguza. Hivi vya kuponda vinateleza, lakini vya ukoko ndivyo vyenyewe. Sikuwahi kuzungumza na baba kwa namna ile maishani. Kabla ya hapo tulizungumza juu ya karo, juu ya ng'ombe, juu ya ibada ambayo sikwenda. Sasa tulikuwa na jambo ambalo halikuwa na aibu ndani yake. Nilikuwa naamka mapema ili nikamuulize.

Ijumaa moja nilichelewa. Mvua ilikuwa imenyesha, viazi vilikuwa vigumu, na Sabato huanza jua linapozama. Kwetu kazi ya jiko inatakiwa kuwa imekwisha kabla ya hapo. Mama alikuja akazima gesi viazi vikiwa havijabadilika hata rangi.

"Jua limezama," alisema.

"Huwezi kuliona jua, kuna mawingu. Umejuaje?"

"Nimejua."

"Mama, kila siku moja asipokula ni kilo. Ng'ombe akianguka shimoni Sabato si mnamtoa?"

"Baba yako si ng'ombe."

"Ndiyo, ana thamani zaidi, ndiyo maana nauliza—"

"Usinifundishe Biblia jikoni mwangu!"

Tulikuwa tunapiga kelele, na nyumba yetu kuta zake hazifiki juu. Sauti ya baba ilitoka chumbani, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Mwacheni amalize."

Mzee wa kanisa wa miaka ishirini na zaidi alikuwa ameamuru moto uwashwe Sabato. Mama alichukua kiberiti, akawasha gesi mwenyewe, akaenda kusimama nje na leso begani. Nilidhani amekasirika. Aliporudi kuchukua sahani macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi, ingawa gesi haina moshi.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona na kuyapatia maelezo. Mshipi wa baba ulipata tundu jipya, lililotobolewa kwa msumari. Nilijieleza kwamba mgonjwa hupungua kidogo kabla ya kurudi. Koti lake la kanisani lilikuwa kama limetundikwa. Nilijieleza kwamba ni koti kuukuu, limelegea. Mama, tulipokaa sisi wawili kula ugali wetu jikoni, alimega tonge mbili na kusema hana hamu. Hilo nililielewa haraka kuliko yote. Nilimwambia asijiue kwa mawazo, mumewe anakula vizuri, ale na yeye. Alisema sawa. Alinawa mikono.

Wiki ya sita tulirudi Kisii. Nilivaa kama mtu anayekwenda kuchukua matokeo. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba, na nilikuwa tayari, wakiniuliza tena kwa siku anakula kiasi gani, niwafungulie ukurasa. Safari hii mizani ilikuwa nje kwenye korido, na baba alipandishwa mbele yangu na koti lake, na viatu vyake. Muuguzi alisoma, akamwomba ashuke, akampandisha tena.

Arobaini na tano.

"Hiyo mashine ni mbovu," nilisema.

Muuguzi alipanda yeye. Ilikuwa nzima.

Daktari alitoka, nami nilianza kumsomea daftari pale koridoni. Nilimsomea tarehe, viazi, siagi, maziwa, soseji ngapi. Nilisema nimeziona sahani kwa macho yangu. Nilisema labda mara ya kwanza ndipo walipokosea, labda hakuwa na hamsini na nne, waonyeshe wameandika wapi. Watu kwenye mabenchi waligeuka kututazama. Daktari alimtazama baba. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na kuitazama ndani, kama anayesoma ukubwa wake.

"Tata, waambie," nilisema. "Si unakula?"

"Nakula," baba akasema.

Halafu akasema kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, polepole, "Twende nyumbani, mwanangu. Mama yako yuko peke yake."

Hawakumpasua. Tulipewa dawa ya maumivu na karatasi ya kurudi baada ya mwezi, na alipofika nyumbani baba aliikunja karatasi hiyo akaiweka ndani ya Biblia yake, nafikiri ili asilazimike kuitupa. Niliendelea kupika wiki moja zaidi. Kisha mama aliniambia nipumzike, baba amesema amechoka na mafuta. Baba alikuwa akinywa maziwa kwa kijiko, na baadaye mama alikuwa akimlowesha midomo kwa kitambaa. Shangazi alikuja kulala kwetu. Mimi nilikaa sebuleni upande wangu wa mlango na simu mkononi, nikitafsiri viatu.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, watu wakiwa wamekwenda kuchuma chai. Nilijua kwa sababu mama alitoka chumbani akaacha mlango wazi.

Mazishi yalikuwa makubwa. Palisemwa mengi kuhusu utumishi wake, na kwamba alikuwa mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kusema uongo. Nilikubaliana nao, hilo moja sikulitilia shaka. Baada ya wageni kuondoka nilikaa siku nne nikiandika barua kwa ile hospitali, kurasa sita, nikieleza kwamba mizani yao, au vitabu vyao, au mtu wao mmoja, alimnyima mgonjwa nafasi yake ya kupona. Niliambatanisha nakala za daftari langu. Hawakujibu. Sijui ningejibiwa nini.

Nilipata kazi ya kufundisha, baadaye nikahamia shule nyingine iliyo karibu na Ogembo, ambako kwa kweli kuna wanafunzi kumi na wanane wanaosoma Kifaransa. Nilikuwa nikirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kila niliporudi, jambo moja au jingine lilinifanya nianze tena: mashine ile, daktari yule, zile kilo tisa zilizopotea bila maelezo. Niliwasimulia walimu wenzangu. Nilimsimulia kijana mmoja niliyetaka kuolewa naye, akasema labda baba alikuwa akitapika. Nikamkasirikia mwezi mzima. Ningesikia, nilimwambia. Nyumba yetu kuta zake hazifiki juu.

Miaka minne ilipita hivyo.

Desemba iliyopita nilikuwa na mama kwenye shamba la chai, mistari ya juu karibu na barabara. Ilikuwa asubuhi, majani bado yana umande, na sisi wawili tulikuwa tumefunga mifuko ya plastiki kiunoni tusiloe. Mama anachuma haraka kuliko mimi hata leo. Nilikuwa nikimwambia kwamba nimesoma mahali kuhusu mizani za hospitali kutokaguliwa, na kwamba nafikiria kuandika barua nyingine, safari hii kwa watu wa juu zaidi.

Mikono yake haikusimama. "Mizani haikuwa mbovu," alisema.

"Umejuaje?"

Alichuma mstari wake hadi mwisho wa kichaka, akatupa majani kikapuni nyuma ya bega, ndipo akaniambia. Alisema kwamba tangu kabla ya siku ile ya kwanza kwa daktari, kitu kigumu kilikuwa hakipiti tena kwenye koo la baba, na hata uji ulipita kwa shida. Hakutaka nijue, kwa sababu ningetaka kuona, na hicho si kitu cha mtoto kuona. Swali lile la chakula cha Wafaransa baba aliliuliza kwa sababu alinisikia nikilia chooni, akataka nipate kazi ya kufanya kwa mikono.

"Kwa hiyo ulikuwa ukimwaga," nilisema.

"Kumwaga chakula? Wapi, dirishani, mbele ya shangazi yako?" Mama alinitazama kama nimemtukana. "Nilikula mimi. Yote. Mimi na tumbo langu hili, na lile jiharadali lako."

Nilisema haiwezekani. Nilisema alikuwa akinijibu, kila asubuhi, alijua kama siki imezidi, alijua kama nimeunguza.

Mama alirudi kuchuma. Akaniambia kwamba baba alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama anavyokula, akimuuliza kila tonge lina ladha gani. Alikuwa akimwambia atafune polepole, ili asisahau kitu chochote nitakachomuuliza asubuhi.